Watoto Sitini Waliong'aa

Ulimwona. Usijitetee. Ulikuwa kwenye foleni ya maji pale Matangini, Jumatatu asubuhi ya wiki iliyopita, na mtoto yule alipopandisha mkono wa gauni ili bomba limsome, ulikiona kilichokuwa chini ya utando. Macho yako yakakimbilia ndani ya ndoo yako tupu, kana kwamba kulikuwa na samaki humo. Wote mlifanya hivyo. Watu thelathini na ushee, wazima wenye akili zao, mnachungulia ndoo.

Basi ulichokikwepa utasimuliwa. Kaa.

Mtoto anaitwa Chiku, ana miaka saba, binti wa Mboni Mhando, yule fundi cherehani wa hapa Handeni Mpya. Jina lake halikukosewa. Anaongea tangu anapoamka. Asubuhi ile aliusogeza mkono wa kushoto mbele ya jicho la bomba, jicho likammulika mara moja, likammulika tena.

"Ngozi haisomeki," bomba likasema, kwa ile sauti yake ya mtu aliyelala vizuri na kunywa chai. "Tafadhali safisha utando, kisha ujaribu tena."

"Mama, liambie," Chiku alisema. "Mkono wangu unatoa maji kila siku. Lenyewe ndilo halitoi."

Kuna aliyecheka, akaacha.

Utando ule ni mwembamba kama ganda la kitunguu, na miezi miwili sasa umebandikwa kwa gundi upande wa ndani wa mkono wa kila mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili. Wakubwa tunasomwa viganja. Vya watoto hubadilika haraka, mashine zikawa zinawachanganya, ndipo mwaka huu, wa tisa wa ukame, Mamlaka ya Utambuzi ikaleta utando. Unakunywa jasho la mtoto na kumjua kwa jasho hilo. Unamfungulia geti la shule na mlango wa zahanati, na bomba linampimia lita zake kumi na mbili za siku. Ukiubandua, mfumo unaandika kwamba mtoto amepotea. Usiposomeka, hakuna lita.

Mboni alijaribu mara ya tatu, akakinga maji ya kiganja chake mwenyewe, akamshika mwanawe mkono wa kulia. Nyuma yao alisimama jirani yake, Mama Semeni, na bintiye Semeni, aliyevalishwa sweta la sufu juani.

"Semeni ana homa?" Mboni aliuliza.

"Ana baridi ya ndani."

"Ya mkono wa kushoto peke yake?"

Mama Semeni akauvuta mkono wa sweta la mwanawe mpaka ukafunika vidole. "Mboni, kila mtu na nyumba yake," alisema, naye akachungulia ndoo.

*

Mtu asiyelea mtoto mwenye pumu ya ngozi hudhani ni upele. Upele una adabu. Unakuja, unapakwa dawa, unaondoka. Pumu ya ngozi ni mpangaji asiye na mkataba. Na Chiku, juu ya pumu hiyo, alizaliwa na mzio wa kugusa: kipande cha chuma cha kifungo kikimlalia tumboni, raba ya sketi, rangi nyeusi ya soksi, sabuni yenye marashi, vyote humwamkia mwilini baada ya siku mbili, ngozi ikavimba, ikapasuka, ikatoa maji.

Mboni aliyajua haya bila kufundishwa na mtu. Alifundishwa na mgongo wa mtoto. Na Mboni hasahau. Anamkumbuka muuguzi aliyemwambia, mtoto akiwa na miezi mitano, "Muogeshe tu mama, ni uchafu," na anakumbuka kwamba muuguzi yule alikuwa amevaa kandambili za njano. Anamkumbuka mwalimu aliyemkalisha Chiku dawati la peke yake ili "asiwaambukize wenzake" ugonjwa usioambukiza. Tarehe anazo. Ukitaka atakutajia na hali ya hewa.

Kwa hiyo alimshonea mwanawe nguo kwa namna yake: pamba tupu iliyochemshwa mara tatu, vifungo vya mti, mishono yote nje. Watoto walimcheka, "Chiku kavaa kinyume!" naye akawajibu, "Kinyume mmevaa ninyi, mishono inawakwaruza hamjui tu."

Mchana ule alimwagia mwanawe maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kutoka fungu lake yeye mama, akamwacha aloane huku akiimba nyimbo za kutunga. Kisha akamkausha kwa kumgusagusa, si kwa kumsugua, akamgeuza mgongo kwenye mwanga wa dirisha.

"Leo ni siku ya kusoma," alisema.

"Soma kwa sauti," Chiku alisema.

Mgongoni kulikuwa na alama saba za kalamu, kila moja na namba yake. Siku nne nyuma Mboni alikuwa ameukata ukingo uliolegea wa utando, akauchambua kwa mkasi wa kutarizia kama anavyofumua gauni la watu: plastiki yake, uzi wake wa shaba, rangi yake ya juu, gundi yake. Kila kitu akakiweka chini ya kipande chake cha marikani cheupe, vipande vinne, na vitatu vya kulinganishia visivyo na kitu, akavibandika kwa karatasi ya gundi ambayo Chiku anaivumilia. Siku mbili mtoto hakuoga mgongo. Vikatolewa, wakangoja tena siku mbili. Mzio wa kugusa si nyuki, ambaye akikuuma unajua palepale. Ni mgeni anayebisha hodi leo na kuingia kesho kutwa, na anayemngoja mlangoni kwa saa moja atasema hakuna mtu.

"Namba moja, safi. Mbili, safi. Tatu, safi."

"Nne inawasha."

"Najua, mwanangu. Nne imefura." Palikuwa pekundu, pameota vilengelenge vidogo kama ulezi. "Tano, sita, saba, safi."

"Nne ni nini?"

"Gundi."

Mboni alicheka kwa hasira, kicheko cha fundi aliyeiona sindano iliyomchoma. Ameikamata. Lakini kicheko hakikufika mwisho, kwa sababu palikuwa na jambo lisilokaa sawa. Miezi minane nyuma, kabla utando haujalazimishwa kwa mtu, Mamlaka iliujaribu hapa hapa Matangini kwa watoto sitini, siku tatu. Chiku alikuwa mmoja wao. Walimchagua kwa makusudi: ngozi ikiwa mbovu kuliko zote na utando usiidhuru, nani tena atalalamika? Na kweli, haikutokea hata chunusi. Sitini kwa sitini, salama. Ndiyo maana mpaka leo ukutani pa shule, pa zahanati, na pa tangi kuu kuna picha ya mkono wa Chiku wenye utando, na maneno chini yake: *Chiku anaweza. Wote tunaweza.*

Gundi ni ile ile. Mtoto ni yule yule. Mbona siku zile haikumla?

Akachota mafuta ya mgando kwa vidole viwili, akampaka Chiku shingo, mabega, viwiko. Kisha, kwa vidole hivyo hivyo, akaugusa ukingo wa utando uliokuwa umenyanyuka, ili aulaze.

Ukateleza.

Aliugusa tena. Ukateleza tena, kama kipande cha sabuni. Mboni akabaki amechuchumaa, mkono hewani.

"Mama? Umekwama?"

Alikuwa amekwama kwenye kumbukumbu ya asubuhi ile ya majaribio. Karatasi aliyosaini ilisema wazi: *Mtoto asipakwe mafuta wala kitu chochote.* Aliisoma, Mboni husoma kila karatasi mbele na nyuma. Halafu akamtazama mwanawe, amepauka kama aliyelalia unga, na nje wageni wanangoja na kamera. Umtoe mtoto mbele za watu hivyo? Watasema hana mama. Akampaka. Akampaka akaongeza, mtoto akang'aa. Utando haukushika, na kwa kuona haya akaufunga na utepe wa kanga usianguke. Jioni akauvua, maana siku zile mfumo ulikuwa bado hauandiki waliopotea, akauweka kwenye kisahani. Asubuhi akampaka tena, akaufunga tena. Siku tatu gundi ile haikugusa ngozi ya Chiku. Iligusa mafuta.

Na kwa ushahidi wa mafuta yale, watoto wa wilaya nzima wamebandikwa.

*

Aliiandikia Mamlaka barua siku hiyo hiyo, akieleza namba nne. Kuhusu mafuta hakuandika. Alhamisi mchana hodi ikapigwa, akaingia Afisa Mbelwa, yuleyule aliyeshika kamera siku ya majaribio, kijana nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, mjomba," Chiku alisema. "Ulinipiga picha mkono ukaniacha uso."

"Marahaba, mrembo. Nitarudi kuchukua uso." Akakaa, akakunjua kitambaa mezani. Ndani yake mlikuwa na kidani cha kioo, tone dogo kama punje ya maharage, kwenye uzi wa pamba. "Dada Mboni, barua yako tumeisoma. Hiki hakina gundi wala shaba. Kinamtambua mtoto kwa joto na mapigo ya moyo. Mvalishe."

Akautoa utando wa Chiku kwa maji na kitambaa, taratibu kweli, akamvika kidani. Mboni alikichukua kile kioo, akakigeuza kama anavyogeuza vitambaa vya wachuuzi kutafuta kasoro. Hakuiona.

"Kinafanya kazi ile ile?"

"Kuzidi. Hakichakai."

"Basi mngewapa wote."

"Kinafinyangwa kimoja kimoja, dada. Watoto ni laki tatu."

"Kwa hiyo mmefinyanga vingapi?"

Mbelwa alitabasamu kidogo. "Kimoja. Jumamosi tuna mkutano wa wazazi, na baada ya hapo utando unakwenda mikoa mitano. Tunachoomba ni kwamba hilo la gundi tulishughulikie sisi, ndani kwa ndani. Wewe uje, ukae mbele na Chiku, watu wamwone amepona. Basi."

Hapo Mboni akakitoa alichokificha. "Siku zile nilimpaka mafuta."

"Najua."

"Unajua?"

"Picha niliipiga mimi, dada. Mkono uling'aa mpaka nikahamisha taa." Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti ya kubembeleza ikamtoka. "Waling'aa wote. Watoto sitini, kama sahani za harusini, kila mmoja na utepe wake mkononi. Ningeandika nini? Kwamba mama zao waliwapenda kupita kipimo? Wakubwa zangu walitaka sitini kwa sitini. Nikawapa."

Wote. Miezi minane Mboni hakuwahi kumwambia mtu, akidhani aibu ile ni ya nyumba yake tu. Na katika nyumba nyingine hamsini na tisa kuna mama aliyekuwa akifikiri hivyo hivyo, huku mkono wa mwanawe unatoa maji chini ya sweta.

"Kifungu cha kumi na nne," Mboni alisema.

"Samahani?"

"Nyuma ya ile karatasi. Wazazi zaidi ya nusu wakikiri kwa maandishi kwamba masharti hayakufuatwa, majaribio yanafutwa, na utando unavuliwa kwa watoto wote mpaka upimwe upya. Zaidi ya nusu ya sitini ni thelathini na moja."

Mbelwa akamtazama kwa namna anayotazamwa mtu aliyedhaniwa hajui kusoma. "Hutawapata. Nani atasimama mbele za watu ajiite mwongo? Na sahihi yako ipo, dada. Ukisimama, gundi haitaulizwa kitu. Utaulizwa wewe, mama uliyemtia mwanao mafuta ukamtoa sadaka kwa ajili ya picha." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Kidani kibaki. Ukinyamaza ni chake mpaka akue. Ukisema, nitakichukua. Sipendi, lakini nitakichukua."

*

Ijumaa Chiku alikwenda bombani akikimbia.

"Karibu, Chiku," bomba likasema, na lita kumi na mbili zikashuka bila ubishi.

"Limenikumbuka!" alipiga kelele mtaa mzima. "Mama, limenitaja jina!"

Alasiri alicheza rede. Miezi miwili hakuwa amecheza. Mkono wenye kidonda haurushi mpira. Mboni alikaa kwenye cherehani yake barazani, mguu juu ya kanyagio na hakanyagi, akimwangalia mwanawe anavyoruka, anavyopinda, anavyowatukana wenzake kwa furaha. Ngozi ya mkono ilikuwa imeanza kukauka pembeni, na Chiku hakujikuna tangu asubuhi. Hata mara moja. Mboni alihesabu.

Sasa niambie, wewe uliye hodari wa kuhukumu wenzako, mama gani atamvua mwanawe nafuu kwa mikono yake? Mama gani atakinunua kidonda cha mtoto wa jirani kwa kidonda cha mtoto wake? Mboni alijiuliza hivyo, akajijibu vizuri tu: amehangaika miaka saba peke yake. Nani alimpikia uji siku ambazo hakupata usingizi? Walimsema. Walisema ni mkosi, walisema ni kijicho, walisema alikula mayai akiwa mjamzito. Wacha na wao wajifunze. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na kumbukumbu ya kutosha kuijaza kila sababu majina na tarehe.

Ndipo Mama Semeni akaja, amemshika mwanawe, akasimama chini ya ngazi.

"Mboni, nimekuja na shida. Vile vitambaa vyako vya kuchemsha. Unaweza kunipa viwili?"

"Vya nini?"

Mama Semeni akatazama kushoto, akatazama kulia, akaupandisha mkono wa sweta. Sufu ilikuwa imeganda kwenye kidonda, ikabidi Mboni ailoweshe ndipo iachie. Semeni hakulia. Mtoto wa miaka minane, haulilii mkono ule, amekwishauzoea. Hilo ndilo lililomkata Mboni maini.

"Miezi miwili unamficha?"

"Ningesema nini? Wewe mwanao ni picha ya ukutani, mgonjwa wa ngozi na anaweza. Wangu mzima, ashindwe?" Akamvuta mwanawe karibu. "Nikajua ni kosa langu. Siku zile za majaribio mimi..." Akakiona kidani kikirukaruka kifuani mwa Chiku kule uwanjani. "Kile kioo mmekipata wapi?"

Mboni alifunga kitambaa, akafunga cha pili, akapiga fundo.

"Kesho njoo mkutanoni," alisema. "Ukae karibu yangu."

*

Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Mbelwa alikuwa mezani mbele, nyuma yake picha ya mkono wa Chiku, kubwa kuliko mlango. Alikuwa ameanza kusema "kama mnavyojionea wenyewe" Mboni aliposimama.

"Hawajionei. Naomba waone."

Saa moja kabla, nyumbani, alikuwa amemweleza Chiku kwamba kidani kitarudishwa. Chiku alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, akasema, "Sitaki." Mama akaeleza tena, akamtaja Semeni. "Nimesema sitaki. Semeni naye apewe chake." Mboni hakuwa na la kumrekebisha hapo, mtoto alikuwa amesema haki tupu. Na bado, mbele ya ukumbi ule, aliuzungusha mkono nyuma ya shingo ya mwanawe akakifungua kidani, na Chiku akamng'ata. Hakuna namna ya kulisimulia hili likapendeza. Alimvua mtoto wake nafuu, mtoto hataki, akaiweka mezani kwa Mbelwa.

"Hiki nilipewa ili nikae kimya," alisema. "Nakirudisha kwanza mwenyewe, maana nikisema huku mwanangu amekivaa, mtaniuliza shibe yangu imetoka wapi."

"Si ulishakula siku mbili!" alipaza sauti mwanamke wa kiti cha nyuma. "Sasa umeshiba unatuletea maneno!"

"Nimekula, ndiyo. Na miezi minane nimekula uongo, utamu wake ninyi mnaujua." Akaelekeza kidole ukutani. "Mkono ule una mafuta. Nilimpaka mimi, juu ya sahihi yangu. Utando haukushika, nikaufunga na utepe, usiku nikauvua. Gundi haikumgusa siku hata moja. Ilipomgusa, imemla. Nimeipima mgongoni kwake na nitampimia mwenye kutaka. Kwa hiyo picha hiyo ni uongo, na uongo ni wangu. Nimemaliza langu. Nani mwingine alimpaka mwanawe?"

Mbelwa alikunja mikono, akangoja, hana haraka. Aliwajua watu wake. Wanawake walitazama sakafu kwa bidii kubwa, kama mafundi wa sakafu.

"Mimi namuuliza Afisa," ilisema sauti ya kikongwe kutoka safu ya pili. Alikuwa Bi Fatu, analea mjukuu yatima, na hajawahi kumaliza mkutano bila kumtia mtu aibu. "Mwanangu, wewe mama yako alikuwa anakutoa nje umepauka?"

"Bibi, hilo si..."

"Nijibu. Ukitolewa mbele za wageni, umepakwa hujapakwa?"

Mbelwa alisugua shingo. "Nimepakwa, bibi."

"Alhamdulillahi. Basi mnaleta kamera kwenye nyumba za watu mkategemea nini? Mjukuu wangu nilimpaka mpaka nzi akitua anaanguka!"

Kicheko kilianzia kwa Mama Semeni, kicheko kilichochanganyika na kilio. "Mimi niliongeza na mafuta ya nazi juu," alisema, akasimama, akampandisha mwanawe mkono wa nguo mbele ya wote. "Tazameni. Huyu hapa. Tazameni basi!"

Mwingine akasimama. Mwingine akasema utepe wa kwake ulikuwa wa gauni la harusi. Yule wa kiti cha nyuma aliyerusha maneno akasimama amenuna, akasema, "Losheni si mafuta," akazomewa, akasema, "Haya, na mafuta pia." Mikono ya watoto ikaanza kufunuliwa mmoja baada ya mwingine, na ukumbi ukanuka usaha na dawa za kienyeji, na hakuna aliyeziba pua. Mboni alikunjua mezani karatasi yake ya khaki ya kukatia mitindo, akaandika juu kwa mwandiko wa fundi, mkubwa ulionyooka: *Sisi tuliwapaka.* Akatia sahihi yake ya kwanza.

Waliotia sahihi walikuwa ishirini na nne.

Wengine walibaki wamekaa. Wapo waliotoka wakisema wamesahau chungu jikoni. Mbelwa alihesabu kwa macho, akakiviringisha kidani kwenye kitambaa, akakitia mfukoni.

"Ishirini na nne si thelathini na moja, dada Mboni."

"Leo ni Jumamosi," Mboni alisema. "Kifungu kinatoa siku nne tangu sahihi ya kwanza, mpaka Jumatano, saa tisa alasiri. Tutaonana."

Mboni akambandika Chiku utando mwingine kama sheria inavyotaka, Mbelwa akisimamia. Chiku hakulia na hakusema. Mpaka leo hajamsemesha mama yake. Anazungumza na kila mtu, anazungumza na bomba, mama anampita. Mboni anamuogesha, anampaka, anamfunga vitambaa, anamwacha anune. Haki yake. Mkono umeanza tena kutoa maji, na asubuhi na jioni Mama Semeni analeta nusu ya fungu lake bila kuitwa.

Leo ni Jumanne. Waliotia sahihi sasa ni thelathini, maana sita wamepita uani kwa siri, wakaandika haraka, wakaondoka na vichwa chini. Hao nao ni mashujaa. Amebaki mmoja. Si kumi. Mmoja.

Na wewe unajua ulichompaka mwanao asubuhi ile. Unajua utepe ulikuwa wa rangi gani. Unasubiri nani? Atakayesimama kwa ajili yako hayupo, sisi tuliothubutu tumekwisha kusimama. Nyumba ya Mboni ni ya tatu kutoka tangi kuu, karatasi iko mezani kando ya cherehani, kalamu ipo juu yake, mlango haujafungwa tangu Jumamosi. Weka chini unachosoma. Vaa viatu. Nenda, sasa hivi, ukaandike jina lako.